Debian kwenye simu, bila kuruti

Una simu ya Android imelala kwenye droo? Kama ni Android 7 kwenda juu, inaweza kubeba Debian nzima, yaani mfumo wa Linux kama ule wa kompyuta, na huna haja ya kuiruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu). Pakua Termux, programu ya kuandikia amri za Linux, kutoka F-Droid, duka la programu huria (binafsi toleo la Play Store siligusi), ifungue, kisha andika:

pkg update
pkg install proot-distro
proot-distro install debian
proot-distro login debian

Fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi, maana bando la siku litaisha njiani. Ukishaingia, apt, amri ya kusakinisha programu, inafanya kazi kama kawaida: Python, git, nano, vyote vinapatikana. Ila Docker, ya kuendesha programu ndani ya makontena, sahau, kwa sababu kernel (kiini cha mfumo) inabaki ile ile ya simu.

Sasa linalowasumbua wengi. Uko katikati ya kazi, ghafla kila kitu kinakatika na kioo kinakuandikia "signal 9". Si kosa lako. Kuanzia Android 12, mfumo unaua michakato midogo ya programu ikizidi 32 kwa simu nzima. Kwenye Android 14, nenda kwenye chaguo za wasanidi programu (Developer options) uondoe kizuizi hicho. Halafu kabla ya kazi ndefu andika termux-wake-lock, simu isisinzie kioo kikizimika. Betri italiwa, kwa hiyo chaja iwe karibu.

Na kibodi ya Bluetooth, hata ya bei poa, nunua. Kuandika msimbo kwa dole gumba ni adhabu.