Darasa la tatu na bado hawajui kusoma: anzia hapa

Nafundisha shule ya serikali yenye watoto 80 na zaidi darasani. Wengi wao nyumbani hawana kitabu hata kimoja. Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. Pima mtoto mmoja mmoja

Usipime kwa kitabu cha darasani. Watoto wetu ni mafundi wa kuimba kitabu: mmoja anaanza, wenzake wanadakia, nawe unaamini wanasoma. Niliwahi kumgeuzia mtoto kitabu juu chini, akaendelea bila kukwama!

Andika mwenyewe silabi 10, maneno 10, aya ya sentensi 4 na hadithi fupi. Mwite pembeni, wenzake wasisikie. Anza na aya. Akiiweza, mpe hadithi. Akishindwa, shuka kwenye maneno, kisha silabi. Andika ngazi ya juu aliyoiweza. Dakika 3 zinatosha.

2. Gawa kwa ngazi, si kwa darasa

Shirika la Pratham la India ndilo lililoieneza njia hii: wa darasa la tatu na wa la tano hukaa pamoja kama wote wamekwama kwenye silabi. Wa la tano wataona haya, kwa hiyo wape kazi ya kugawa kadi. Mwalimu hodari kuliko wote apewe kundi la chini. Kwa kawaida tunampa darasa la mtihani, na hapo ndipo tunapokosea.

3. Kundi la silabi

Kata maboksi ya dukani, andika kadi. Ba-be-bi-bo-bu kila mtoto anaijua kwa wimbo, kwa hiyo changanya: bo, mi, ta, ku. Aunge mwenyewe: ta-ka, ka-ta, ka-ka. Akigundua kwamba kugeuza kadi mbili kunazaa neno jingine, umempata.

Ugumu uko mbele. Kwenye "mtoto" herufi m inasimama peke yake. Wengi husoma "mutoto". Ipigieni makofi: m-to-to, matatu. Kisha "ngoma" na "ng'ombe": kale kaalama ka juu kafundishe siku nzima, usikapitie haraka. Na pale lugha ya nyumbani inapochanganya l na r, weka "kalamu" na "karamu" ubaoni, waambie wachore kila moja. Atakayechora sahani ya pilau kwenye kalamu atacheka mwenyewe.

4. Maneno na aya

Huna vitabu? Mwambie mtoto asimulie alivyokwenda kuchota maji. Andika ubaoni maneno yake yaleyale, kisha asome. Hadithi yake mwenyewe haimtishi.

5. Muda

Saa moja kila siku, asubuhi. Jioni utawakosa walewale unaowatafuta, maana wanauza karanga au wanalea wadogo zao. Kama shule ina uji, uji kwanza.

6. Nyumbani

Mzazi asiyejua kusoma asijione hana kazi. Mwambie amsikilize mwanawe, kisha amuulize, "Halafu ikawaje?" Kitabu kiende kimefungwa kwa kitu kisichopitisha maji, nyumba nyingi zinavuja.

7. Pima tena kila baada ya wiki 4

Aliyepanda ahamie kundi la juu siku hiyohiyo. Aliyebaki palepale mara mbili, mchunguze macho na masikio kabla hujasema ni mzito: mkalishe mbele, andika kwa herufi kubwa, mnong'oneze neno ukiwa nyuma yake.