Modemu ya DSL Ujerumani na ruta ya OpenBSD: chunga sana MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data)

Ndugu yangu uliyehamia Ujerumani na ruta yako inayoendeshwa na OpenBSD, mfumo endeshi huria, usishangilie mapema. Taa ya DSL (intaneti ya waya wa simu) itawaka, ping itajibu, meseji za WhatsApp zitaenda, halafu ukurasa wa benki utazunguka tu mpaka chai ipoe. Hapo ndipo nilipoumia mimi, na ndipo wengine hukimbilia kununua modemu mpya bure.

Ya kawaida ni haya: modemu iwe hali ya briji (ipitishe data tu), jina na nywila ya PPPoE, njia ya kuingia kwa mtoa huduma, viingie kwenye ruta, na VLAN 7, lebo ya mtandao inayotumika kwenye laini nyingi za huko, iwekwe upande mmoja tu, modemu au ruta. Nywila huja kwa posta. Nchi ya viwanda vyote hivi, bado wanaamini bahasha! Usiitupe.

Sasa mtego wenyewe. Ethaneti hubeba baiti 1500 kwa pakiti, PPPoE inakula 8, zinabaki 1492. Seva ya mbali haina habari. Inarusha pakiti ya 1500, inagota njiani, na ujumbe wa kuiambia ipunguze unazuiwa na fayawoli ya hao hao wenye seva. Ndiyo maana vidogo vinapita na vizito vinakwama. Dawa ni mstari mmoja kwenye pf.conf, faili la fayawoli ya OpenBSD:

match on pppoe0 scrub (max-mss 1452)

Hiyo max-mss ni data yenyewe bila vichwa, kwa hiyo ni 1452, si 1492! Toa baiti 40 za vichwa vya IP na TCP. Kama una IPv6 pia, ambayo vichwa vyake ni vikubwa zaidi, shuka hadi 1432. Halafu pima ukiwa kwenye ruta: ping -D -s 1464 ipite, 1465 igome (-D hukataza pakiti kukatwa vipande, na 1464 pamoja na vichwa 28 ni 1492). Narudia, usiandike 1492 hapo.

Huduma kwa wateja watakwambia kifaa si chao, hawahusiki. Wapole, lakini karatasi yao isiposema, hawasemi. Wakumbushe kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria inakuruhusu kutumia ruta yako, na wao lazima wakupe taarifa za kuunganisha.

Na shemeji wa Mombasa akisisitiza "zima, washa", mshukuru tu. Yeye amezoea kuchomeka laini, kununua bando na kuendelea. Mkataba wa miezi 24 hajawahi kuuona. Wewe kagua kwanza kama modemu na mtandao wa nyumbani vyote vimejipa anwani ileile, 192.168.1.1. Badilisha wa nyumbani, la sivyo hutaufungua tena ukurasa wa modemu.