Jinsi ya kusikiliza Slaughter of the Soul kwa sikio lililolelewa na benga

Anayekutana na deth metali, roki nzito ya kasi yenye sauti za kunguruma, kwa mara ya kwanza huutafuta wimbo mahali ambapo haupo, yaani mdomoni mwa mwimbaji. Akimkuta pale mtu ananguruma, anazima. Katika tawi lenye melodia lililokulia mjini Gothenburg, Uswidi, wimbo uko kwenye magitaa mawili, na kazi ya mwimbaji iko karibu zaidi na ya mpiga ngoma. Hapa msikilizaji wa Nairobi ana mtaji asioujua. Ni wangapi wamecheza sebene hadi jasho likawatiririka bila kujua neno moja la Kilingala? Na kwenye benga ya Shirati Jazz, gitaa likishaanza kupanda, nani bado anangoja maneno? Sikio hilohilo ndilo linalotakiwa.

Albamu ya kuanzia ni Slaughter of the Soul ya bendi ya At the Gates, iliyotoka 1995. Ina nyimbo 11 zinazomalizika kwa takriban dakika 34, kwa hiyo inaweza kusikilizwa yote kwa kikao kimoja. Ilirekodiwa Studio Fredman chini ya prodyuza Fredrik Nordström, studio ileile iliyotoa albamu za bendi nyingine mbili za tawi hili: The Gallery ya Dark Tranquillity mwaka huohuo na The Jester Race ya In Flames mwaka 1996.

Kwanza ipakue kwenye simu ukiwa na Wi-Fi. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 2.4, na albamu nzima kama MB 82. Ukiweka kilobiti 96 ili kuokoa data utatumia kama MB 25, ila matoazi yatasikika kama mafuta yanayokaanga na magitaa yatapoteza kingo zake. Muziki huu umejaa sauti nyingi kwa wakati mmoja, na ubanaji mkali wa faili huonekana hapa upesi kuliko kwenye wimbo wa gitaa moja na sauti ya mtu. Matoleo ya baadaye yameongezewa nyimbo za ziada. Albamu yenyewe inaishia namba 11, The Flames of the End. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na uzime pia ule mpangilio unaoingiza wimbo mmoja juu ya mwingine kwa sekunde kadhaa. Zile kimya za ghafla ni sehemu ya upigaji.

Sasa vifaa, na hapa ndipo wengi huharibu. Hedifoni za waya, hata za bei ya chini kutoka Luthuli Avenue, zinafaa kuliko spika ndogo ya Bluetooth. Nyingi ya spika hizo hutoa sauti kupitia tundu moja tu, na rekodi za mtindo huu kwa kawaida huweka gitaa moja kushoto na jingine kulia. Ukiyarundika pamoja, unabaki na ukuta mmoja wa kelele. Angalia pia kwamba simu yako haijawekwa kwenye sauti ya mono katika mipangilio ya wenye shida ya kusikia.

Besi iliyoongezwa ni adui wa pili, na mji huu unaipenda besi. Wufa iliyorekebishwa kwa ajili ya matatu au muziki wa genge wa mtaani itaimeza albamu hii nzima. Sababu ni hii: magitaa ya At the Gates yameshushwa, waya mnene ukatoka noti ya E hadi B, yaani kutoka takriban Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde) hadi Hz 62. Gitaa la besi liko chini zaidi, na ngoma kubwa inapigwa kwa miguu miwili. Vyote vitatu vinagombania chumba kimoja. Ukiongeza besi hupati uzito, unapata uji. Kwenye ikwalaiza ya simu, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, shusha Hz 60 kwa desibeli 3 au 4, shusha Hz 250 kwa 2, kisha pandisha kati ya Hz 1,000 na 2,000 kwa desibeli 2. Matoazi yakikuchoma, ondoa desibeli 2 kwenye Hz 8,000 na kuendelea. Usizidishe hapo, ukipandisha kila kitu, simu itaanza kukwaruza.

Mahali nako kuna uzito wake. Usisikilize mara ya kwanza ndani ya nganya, yaani matatu yenye muziki wake. Ngurumo ya injini hufunika sauti za chini, nawe unapandisha sauti kuifukuza bila kujua umefika wapi. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu. Sikiliza nyumbani usiku, majirani wakishazima televisheni, ukiwa umeketi.

Kabla ya albamu yenyewe, zoeza sikio kwa The Jester's Dance, wimbo wa pili kwenye The Jester Race. Hauna mwimbaji kabisa na ni wa dakika mbili na kidogo, hivyo sauti ya kutisha haipo ya kusingizia. Fuata magitaa mawili yanavyotembea pamoja, moja likikaa juu ya jingine kama soprano na alto kwenye kwaya ya kanisa. Ukiweza kuimba sauti ya chini kwa mdomo uliofungwa huku ya juu ikiendelea, uko tayari. Ukishindwa, rudia mara mbili tatu, hakuna haraka.

Kisha cheza Slaughter of the Soul kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusoma mashairi. Blinded by Fear huanza kwa kelele za mitambo kabla ya bendi kuingia, usidhani faili imeharibika. Shika rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, na uhesabu kinarudi mara ngapi kabla ya kubadilika. Kinachowapoteza wengi ni miguu ya mpiga ngoma. Adrian Erlandsson anapiga haraka, na anayejaribu kuhesabu kila pigo la ngoma kubwa atachoka kabla ya wimbo wa tatu. Hesabu snea peke yake, ile ngoma kali ya katikati, na mwendo utajipanga wenyewe.

Wimbo wa tatu, Cold, una solo ya mgeni, Andy LaRocque, mpiga gitaa wa bendi ya King Diamond. Ndio mlango mzuri kuliko yote kwa aliyezoea gitaa linaloongea: solo inainuka juu ya rifu, inasema lake, inaondoka. Namba 5, Into the Dead Sky, ni ya ala tupu na ina utulivu. Usiiruke. Sikio huchoka na makali yasiyopumzika, na kipande hiki kiko katikati kwa sababu hiyo. Anayekiruka ndiye husema nusu ya pili yote inafanana.

Siku ya pili chagua nyimbo mbili tu, mathalani Cold na Under a Serpent Sun. Toa hedifoni ya kushoto, sikiliza upande wa kulia peke yake, kisha ubadilishe. Mara nyingi magitaa yote yanapiga kitu kilekile. Ngoja pale yanapoachana. Katika benga magitaa hujibizana kwa furaha na wepesi, hapa skeli ni ya huzuni na mkono wa kulia hauachi kuchapa waya, lakini mazungumzo yapo.

Sauti ya Tomas Lindberg iache hadi mwisho. Ni mkwaruzo wa juu, unaokaribia kilio kuliko ngurumo ya tumboni ya deth metali nzito, na silabi zake huangukia kwenye pigo. Isikilize kama kayamba kwanza. Baada ya hapo ndipo ufungue mashairi na kufuata mstari kwa mstari. Ukishayasoma mara moja, sikio huanza kuyakamata. Ni mashairi ya giza, mengine yanagusa kujiua, basi yachague wakati moyo wako umetulia.

Ukisikiliza mara tatu kwa juma moja na bado hukumbuki rifu hata moja, badilisha albamu, usilazimishe. The Jester Race ina melodia zilizo wazi zaidi, na Moonshield inayoifungua huanza kwa gitaa lisilo na umeme. Heartwork ya Carcass, kutoka Liverpool mwaka 1993, ni kavu na sahihi. Duma, albamu ya mwaka 2020 ya wawili wa Nairobi waliojiita jina hilohilo, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni kazi kali ya kujivunia, ila usiitumie kama ngazi ya kufika huku: ni kelele za mashine na kasi, na gitaa la kuimba hutalipata humo.