Jinsi ya Kuwakabidhi Vijana Uongozi wa Mtaro wa Mtaa

Katika mitaa ya bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, vijana huitwa siku ya usafi washike sepeto, kisha hurudi nyumbani bila kuulizwa wanaona nini. Mwongozo huu unahusu kuwapa uamuzi wenyewe. Anza na mtaro mmoja, wiki sita hivi kabla ya masika kuanza mwezi Machi.

Hatua ya 1. Vijana wanane au kumi, wasichana kwa wavulana, watembee mtaro wote hadi unapomwaga maji mtoni, wakichora kwenye daftari kila mahali maji yanapokwama na kuandika kilichoziba. Usiwachoree wewe. Kikundi kimoja nilichokisindikiza kiligundua kwamba kizuizi hakikuwa chupa, kama tulivyodhani sisi wakubwa, bali nepi na vipande vya vitambaa vilivyoshikamana na mchanga chini ya kalavati, hata maji yakabaki na upenyo usiozidi kiganja.

Hatua ya 2. Wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha wamwandikie barua mwenyekiti wa mtaa, na nakala iende kwa afisa afya wa kata. Waitaje Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Hatua ya 3. Wazibue kuanzia chini kwenda juu, ili maji yapate pa kutokea, wakiwa na buti na glavu ngumu kwa sababu ya vioo na sindano. Guta la kubeba tope lipatikane kabla ya sepeto la kwanza, kwani nimeona tope la siku nzima, lililorundikwa ukingoni, likirudishwa mtaroni na mvua ya usiku mmoja, na vijana wakakata tamaa. Chupa za plastiki zitengwe na kuuzwa kwa kilo, uzito na bei vikiandikwa mbele ya wote.

Hatua ya 4. Wapange zamu za kila wiki. Wakihitaji mtaji, wasajili kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana.

Hatua ya 5. Katika mkutano wa mtaa, taarifa isomwe na katibu wao. Mzee akikuelekezea wewe swali, mwombe kwa heshima amuulize katibu, nawe ukae.