Kabla ya kumlipia mtoto wa German Shepherd

Ukitafuta mbwa wa ulinzi Nairobi siku hizi, utaanzia kwenye picha. Mtoto wa mbwa ameketishwa juu ya zulia, ana utepe shingoni, na chini yake pana bei na namba ya M-Pesa ya kutuma arbuni "kabla hajachukuliwa na mwingine". Usitume kitu. Picha hiyo haikuonyeshi mama, na katika biashara hii mama ndiye shahidi mkuu.

Omba kwenda kumwona mahali anaponyonyeshea, watoto wakiwa naye. Dalali atakwambia mama yuko Nakuru, au ameenda kwa mjomba, basi mkutane kituo cha mafuta akukabidhi mzigo. Mfugaji wa kweli atakupangia siku. Huenda akakataa usije wiki za mwanzo, na ukifika huenda akakuvua viatu au akakukanyagisha beseni la maji ya jiki langoni. Usinune. Mtu huyo anaogopa parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, na ni dalili nzuri kuliko cheti chochote cha ukutani.

Ukishaingia, mtazame mama kabla hujababaishwa na watoto. Jike anayenyonyesha, au aliyeachisha juzi tu, matiti yake yananing'inia. Ukionyeshwa jike mwenye tumbo lililobana ukaambiwa ndiye aliyezaa hawa wanane, aga uende zako. Kumbweka mgeni si kosa, ndiyo kazi yake. Ila mwenyewe akimnyamazisha anatakiwa atulie. Anayejibana pembeni akitetemeka, au anayetaka kung'ata hata mbele ya bwana wake, huenda akawarithisha watoto tabia hiyo. Uliza pia amezaa mara ngapi. Jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, takriban kila baada ya miezi 6 na hubeba mimba siku zipatazo 63, kwa hiyo anayezalishwa kila joto hapati nafasi ya kurudisha mwili wake. Baba si lazima awepo, maana wafugaji makini mara nyingi hutafuta dume wa mtu mwingine.

German Shepherd ana tatizo moja ambalo huwezi kuliona siku ya kununua: nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake. Mtoto hucheza kama wenzake, halafu siku moja, pengine akiwa na mwaka mmoja au zaidi, unamwona ananyanyuka kwa shida akitoka kulala, na akikimbia miguu ya nyuma inaruka pamoja. Ugonjwa huu hurithiwa, ingawa kumlisha kupita kiasi akiwa mdogo huuzidisha. Ndiyo maana wazazi hupigwa eksirei kabla ya kupandishwa: chama cha mbwa hawa kule Ujerumani hukubali picha kuanzia miezi 12, na Marekani cheti kamili hutolewa mbwa akifikisha miezi 24. Muulize mfugaji kuhusu eksirei za wazazi wote wawili. Usishangae ukikuta hajawapiga, lakini sikiliza anavyojibu. "Mbwa wangu hawana hayo mambo" si jibu.

Karatasi za ukoo zina kazi yake, na hapa Kenya hutolewa na East Africa Kennel Club. Taka kuziona za wazazi palepale. Ahadi kwamba za mtoto "zitafuata" huwa hazifuati. Hata hivyo, karatasi inakwambia babu yake ni nani tu. Haisemi kama babu alikuwa mzima.

Kwenye kadi ya chanjo ndiko watu huibiwa zaidi, kwa sababu mnunuzi huona mhuri akaridhika. Isome. Kila chanjo iwe na kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa, chenye namba ya toleo, kisha tarehe, sahihi na namba ya usajili ya daktari, ambayo unaweza kuiulizia Kenya Veterinary Board. Halafu piga hesabu. Chanjo ya kwanza ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) hutolewa wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya mapema. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri miezi 3. Kwa hiyo anayekwambia mtoto wa wiki 8 "amemaliza chanjo zote" ama hajui kazi yake ama anakudanganya. Dawa ya minyoo ndiyo huanza mapema, wiki ya 2.

Umri nao hudanganywa. Mtoto asiachane na mama kabla ya wiki 8, ila muuzaji mwenye haraka humtoa akiwa na wiki 4 au 5 ili aache kumlisha. Fungua mdomo: wa wiki 8 ana meno ya utoto karibu yote 28. Masikio yaliyolala yasikutishe, kwani ya German Shepherd husimama baadaye, mengi kati ya mwezi wa 3 na wa 5.

Mfugaji mzuri atakuhoji pia: una ua, nani anashinda nyumbani, mbwa atafungwa mnyororo mchana kutwa? Wengine huona ni kiburi. Mimi humwogopa asiyeuliza lolote isipokuwa utalipaje. Na kama unachotaka ni wa kubweka langoni tu, nenda kwanza KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen. Mbwa koko aliyechanjwa na kufungwa kizazi anabweka vilevile.

Mkikubaliana, andikeni: tarehe ya kuzaliwa, bei, na kwamba una siku 3 za kumpeleka kwa daktari wako mwenyewe. Parvo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 7 baada ya kuambukizwa, hivyo akianza kutapika na kuhara damu kesho yake, aliupata kwa muuzaji. Lakini kama kwako kuna mbwa aliyekufa kwa parvo hivi karibuni, mwambie mfugaji kabla ya kulipa. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na akiwa muungwana atakushauri umwache mtoto kwake mpaka chanjo ya wiki ya 16 ipite, nawe umlipie chakula.