Kusahihisha makosa ya wakati kwenye osileta ya MHz 10 inayofuata GPS

Osileta hii ni kifaa kinachotoa masafa thabiti, kikirekebishwa kwa mpigo wa kila sekunde wa kipokezi cha GPS. Mafundi wengi hapa Lubumbashi, wakiona kwenye grafu mstari wa kosa kati ya viwili hivyo unayumba, mkono huenda moja kwa moja kwenye vigezo vya programu. Viacheni kwanza. Programu haiponyi mpigo ulioharibikia juu ya paa.

Anza na antena. Iwe juu kuliko mgongo wa paa, ione mbingu pande zote. Ikikaa kando ya ukuta au chini ya mwembe wa parseli, itapokea pia mawimbi yaliyogonga mabati na kurudi, na mpigo utahama kadiri satelaiti zinavyosogea. Kisha acha kipokezi kijipime mahali kilipo kwa saa kadhaa (mimi hupenda siku nzima) na ufunge nafasi hiyo, ili kibaki na kazi ya wakati tu.

Kebo haina maneno mengi. Ile ya aina ya RG-58 huchelewesha mawimbi kama nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) 5 kwa mita, basi mita 15 ni karibu 76. Vipokezi vya kampuni ya u-blox huja na nanosekunde 50 za kebo zimewekwa tayari: badilisha uweke yako, usijumlishe. Kosa hili husogeza saa, haligusi masafa.

Sasa penye kazi: meno ya msumeno. Kipokezi hutoa mpigo pale tu saa yake ya ndani inapogonga. Ikiwa ni ya MHz 48, hatua moja ni nanosekunde 21 hivi, kwa hiyo mpigo huwahi au huchelewa hadi kama 10. Wapo wasemao wastani utafuta. Mara nyingi hufuta, ila kuna nyakati saa hiyo hukaribia kulingana na sekunde kamili. Kosa huganda upande mmoja, na osileta hulifuata kwa utii. Dawa ni kusoma qErr (kosa la mpigo) kwenye ujumbe wa kipokezi uitwao TIM-TP, ambayo huja kwa pikosekunde (elfu moja ni nanosekunde moja), na kusahihisha kipimo chako cha fazi, yaani tofauti ya wakati kati ya mpigo na osileta. Ujumbe huo ni wa mpigo unaokuja, si uliopita. Chora data ghafi na iliyosahihishwa pamoja: mtawanyiko ukipungua, sawa, ukiongezeka maradufu, umejumlisha pa kutoa.

Kitanzi, yaani programu inayorekebisha osileta kwa kufuata mpigo, kije mwisho. Kwa osileta ya tanuri (fuwele yake hutunzwa katika joto lisilobadilika), anza na muda wa kitanzi wa sekunde mia chache. Volti ya udhibiti, ile inayorekebisha masafa ya osileta, ikipanda na kushuka pamoja na joto la chumba, funika osileta kwanza.

MASWALI

— Yaya, saa yangu inatangulia sekunde 18. Ni kebo?

— Hapana, mdogo wangu. Tangu Januari 2017 wakati wa GPS uko mbele ya UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde 18. Chagua UTC, na ukiwasha upya usubiri: taarifa ya tofauti hiyo hurudiwa na satelaiti kila dakika 12.5.

— Delestaji (umeme kukatwa) ikipita, mstari unaruka.

— Tanuri ikipoa, fuwele hairudi palepale. Tanuri iwe na batri ya volti 12, na programu ihifadhi volti ya mwisho ya udhibiti ianzie hapo.

— Mchana na usiku vinatofautiana hata joto likitulia.

— Hiyo ni ionosfera, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi ya GPS, na kipokezi cha masafa mamoja hakiwezi kuiondoa yote. Kinachopokea masafa mawili kitasaidia, lakini ni ghali. Kama unapimia redio tu, acha: nanosekunde 20 zikihama kwa saa sita, kosa la masafa ni chini ya 1 kwa 10¹².