Ukitoa kitu kwenye sahani weka kingine: jinsi ya kupona matatizo ya ulaji ukiwa huli nyama, maziwa wala mayai

Naandika nikiwa Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile ambayo hata uvae masweta mawili vidole vinakufa ganzi. Miaka ile naumwa, najinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, nilikuwa naisikia baridi hii hii hata Januari, hata nikishuka Kyela kwenye joto nakaa juani nimejifunika kitenge watu wananishangaa. Wakiniuliza kwa nini sili nasema nina vidonda vya tumbo, maana kwetu ukishataja vidonda vya tumbo hakuna atakayekulazimisha maharage wala kitu chochote, wanakuonea huruma tu. Kisingizio cha pili kilikuwa nimefunga, nipo kwenye maombi ya siku 21. Na cha tatu ndo nataka tuongee leo, nilikuwa nasema mi ni vegani, sili kitu chochote kinachotoka kwa mnyama.

Mpaka leo sili vitu vya wanyama na nimepona, kwa hiyo sijaja kukwambia urudi kwenye nyama. Nilichojifunza ni kimoja na kila kitu hapa chini kinatoka humo: ukitoa kitu kwenye sahani, weka kingine mahali pake. Mtu akitoa nyama akaweka maharage yaliyoungwa karanga na parachichi pembeni, huyo amebadilisha chakula. Akitoa nyama, af akatoa mafuta, af akatoa ugali, akabaki na kachumbari na maji ya moto, huyo anaumwa hata kama anawapenda ng'ombe kwa moyo wote. Sitaandika kilo wala kalori humu, nimefanya makusudi, najua namba zinavyokaa kichwani kwa mtu anayeumwa.

Anza na kujiuliza swali kabla hujabadilisha chochote jikoni. Chukua andazi la mtaani, lile la unga, sukari na maji, halina yai wala maziwa, limekaangwa kwenye mafuta ya alizeti. Hakuna mnyama hapo. Utalila? Au kitumbua cha mchele na nazi, au chipsi kavu? Kama jibu lako ni hapana na moyo unakwenda mbio ukiwaza tu yale mafuta, basi unachokiogopa sio mnyama kuumia. Mi nililishika hilo andazi pale Mwanjelwa, la moto, mafuta yamelowesha gazeti, nikazunguka nalo karibu nusu saa af nikampa mtoto aliyekuwa anauza mifuko. Siku hiyo ndo nilijua. Andika pia kwenye karatasi ulianza lini kuogopa kunenepa na ulianza lini kuacha nyama, ukiona uoga ulitangulia, jiambie ukweli. Haimaanishi huruma yako kwa wanyama ni ya uongo, vyote viwili vinaweza kuwepo kwa mtu mmoja, ila lazima ujue nani ameshika usukani.

Baada ya hapo mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, anayekuona unavyokula kila siku, sio rafiki wa kwenye simu aliyeko Dar. Mi nilimwambia mama mdogo, nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda jikoni anachambua mchicha, nikamwambia mama, sina vidonda vya tumbo, naogopa kula. Akanyamaza kidogo af akasema, "Mwanangu, basi kuanzia leo tutakuwa tunakula wote." Hakuuliza kingine, na kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa hiyo, kukaa na mimi mpaka sahani iishe na kuniongelesha habari za shamba. Yule unayemchagua mwelekeze hivyo hivyo: asihesabu matonge, asisifie umekula sana, asiseme umenenepa hata kama kwa kwetu ni sifa. Akae tu.

Sasa hospitali, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama umekaa siku nyingi hujala chakula cha maana au umepungua sana kwa muda mfupi, USIANZE kujilisha sahani kubwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu kwenye damu yanashuka kwa haraka na moyo unaweza kugoma, mtu anakufa akiwa ndo ameanza kula. Ndo maana wanaanza kidogo kidogo huku wanapima damu na kukupa vitamini B1. Ukiwa unazirai, moyo unadunda hovyo, miguu imevimba, umetapika damu au unawaza kujiua, usisubiri Jumatatu, nenda sasa hivi hospitali ya rufaa, iwe ya Mbeya, Iringa au popote ulipo karibu.

Ukifika sema wazi: nina tatizo la kujinyima chakula, au nakula sana af najitapisha, nimeanza tangu lini, hedhi imekata tangu lini, naomba mnipime damu na moyo, na naomba pia kuonana na mtu wa afya ya akili. Usiseme tu nina vidonda. Mi kituo cha kwanza nilichoenda niliambiwa kula nyama utapona, nikarudi nyumbani na karatasi ya dawa ya minyoo, imeniuma sana hiyo, lakini cha pili walinisikiliza kwa hiyo usiishie mlango wa kwanza.

Na kama daktari akisema kwa wiki hizi utumie maziwa maalum kwa sababu ndo yaliyopo, kubali. Chama cha vegani cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1944 chenyewe kwenye maelezo yake kinasema uvegani ni kuepuka kutumia wanyama kwa kadiri inavyowezekana, na hiyo kadiri inamhusu hata mgonjwa aliyelala wodini na dawa zenye ganda la jelatini, ile inayotoka kwa wanyama. Nilikunywa maziwa wodini nikilia, af nilipopata nguvu nikaendelea na msimamo wangu, ila safari hii nikiwa na akili inayofanya kazi.

Maana njaa inakula akili jamani. Mwaka huo huo wa 1944 kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya, waliokataa kwenda vitani, walijitolea kupunguziwa chakula kwa karibu miezi sita ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu wenye njaa baada ya vita. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kusikia baridi, kugombana kwa vitu vidogo, kukaa na sahani moja saa nzima wakiichezea. Walikuwa watu wazima na kichwani wazima. Niliposoma hiyo nililia, kwa sababu mi nilishapelekwa kuombewa pepo la hasira na usiku nilikuwa naangalia video za mapishi mpaka alfajiri. Sikuwa na pepo, nilikuwa na njaa.

Jikoni sasa. Kula kwa saa, usile kwa kusikia njaa, maana kengele yako ya njaa imeharibika na itachukua muda kutengemaa. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni na saa tatu kabla ya kulala, isizidi kama masaa manne bila kitu.

Shida ya mboga na nafaka zisizokobolewa ni kwamba zinajaza tumbo haraka kabla mwili haujapata kitu, na tumbo la mtu aliyejinyima linasaga taratibu sana, unavimbiwa unaona umekula ng'ombe mzima kumbe ni bakuli la mchicha. Kwa hiyo mwanzoni usijitie udona na uji wa lishe wenye nafaka saba kila mlo. Sembe ni sawa. Wali mweupe wa Kyela ni sawa kabisa, weka nazi. Chochote unachopika kiongezee kitu kizito kisichochukua nafasi kubwa: karanga za kusaga, tui la nazi, mafuta ya alizeti, ufuta, parachichi. Sisi watu wa huku tumebarikiwa, parachichi za Rungwe na Njombe watu wanazisafirisha nje ya nchi na hapa msimu ukiwepo unazikuta barabarani kwa ndoo. Nusu parachichi kwenye kila mlo mkubwa ilinisaidia kuliko ushauri wowote niliopewa.

Siku yangu moja ilikuwa hivi: uji wa ulezi uliotiwa karanga na sukari (ndio, sukari, usiogope), saa nne ndizi mbili na karanga za kukaanga, mchana wali maharage na parachichi na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, saa kumi viazi vya Uporoto vya kukaanga au andazi, jioni ndizi za Tukuyu za nazi na njegere au kande, usiku kikombe cha soya ya moto na mkate wenye siagi ya karanga. Maharage na mahindi vikikaa pamoja kwa siku moja protini yake inakamilishana, kande wazee wetu hawakukosea. Ukichoka kutafuna, kunywa, uji mzito wenye karanga ni chakula cha kweli, sio kudanganya.

Wiki za kwanza nilikuwa nahesabu maharage. Kweli, punje moja moja, nazipanga kwenye ukingo wa sahani. Kilichonisaidia ni mama mdogo kunipakulia yeye, kwa upawa, mi nisiguse sufuria. Kama huwezi kujipakulia bila kupunguza, mwachie mtu mwingine mpaka mkono uache kutetemeka.

Chai nayo. Tunaishi kwenye chai, Mufindi huku na Rungwe kule, na mtu mwenye tatizo hili anaitumia chai ya rangi kuua njaa, nilikuwa namaliza chupa nzima peke yangu. Kuna na jambo la pili, majani ya chai yanazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na sisi tusiokula nyama chuma yetu yote iko humo. Kunywa chai kama saa moja baada ya kula, sio pamoja na chakula, na kwenye mboga kamulia limau au kula chungwa, pera au nyanya mbichi, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Vitamini B12 haina mjadala. Mimea haina ya kutegemea, sio mchicha, sio mwani, sio udongo uliobaki kwenye mboga kama wengine wanavyodanganyana. Akiba ya mwilini inaweza kukaa miaka ndo maana unajiona mzima, af siku unaanza ganzi ya miguu, kusahau, damu kupungua. Nunua vidonge duka la dawa, soma pakiti uhakikishe B12 imeandikwa, dozi muulize daktari maana kama umepungukiwa tayari anaweza kukuanzishia sindano. Chumvi tumia yenye madini joto, hizi nyanda zetu za juu zilisumbuliwa sana na tezi la shingo na ukishaacha samaki na maziwa unabaki unaitegemea hiyo chumvi. Mizani nayo itoe nyumbani. Akikupima daktari, simama umeipa mgongo.

Kwa anayejitapisha: usipige mswaki papo hapo, asidi ya tumboni imelainisha meno, sukutua na maji kwanza. Na baada ya kula usikae peke yako, lile lisaa moja la kwanza ndo gumu, toka ukae na watu, menya karanga, piga stori na jirani. Ukianguka siku moja usifunge kesho yake kufidia, kufunga ndo kunakozaa kula kupita kiasi usiku. Mlo unaofuata ule kwa saa yake kama kawaida. Na kufunga kwa ibada, iwe Kwaresma au Ramadhani au maombi, ongea na kiongozi wako wa dini, mgonjwa ana ruhusa yake.

Safari ndo zilikuwa zinaniangusha. Basi la Mbeya kwenda Iringa mnasimama njiani, chipsi kuku, mishikaki, mayai, dakika chache dereva anapiga honi, na mimi nasema ah basi nitakula nikifika, nikifika usiku nasema nimechoka. Siku hizi najiandaa toka jana yake: karanga za kukaanga, ndizi mbivu, maandazi manne, parachichi na kisu kidogo, viazi vya kuchemsha kwenye kontena, maji. Ikigonga saa nne nafungua, tukiwa hata hatujafika Makambako, na ninamkaribisha aliyekaa pembeni yangu.